Nyumba 110, Birika Moja

Wasee, kuna historia ya hapa Kirinyaga ambayo sikuwahi kufunzwa shule, na inaanza na hesabu ndogo. Birika ya stima, ile ya kuchemsha maji ya chai, inakula kama wati 2,000. Sasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Thima, nyumba 110 ziligawana kilowati 2.2. Kijiji kizima, birika moja! Kathamba walikuwa na kilowati 1.1 kwa nyumba 65.

Najua kuna mtu anacheka. Ngoja kwanza turudi nyuma.

Maji ya milima yetu yalianza kutoa stima kitambo sana. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa 1922, na kufikia 1925 kituo cha Ndula kwenye mto Thika kilikuwa kimewashwa, megawati 2. Sagana ikafuata 1955, megawati 1.5. Huo mwaka uangalie vizuri. Ni wakati wa Hali ya Hatari. Watu wa huku wametolewa mashambani mwao, wamefungiwa kwenye vijiji vyenye mitaro na seng'enge, usiku hakuna kutoka, na ndani ni giza. Mto ni huohuo, unawamulikia wengine. Kwa hivyo mtu akiniambia ati vijiji vyetu "vilichelewa" kupata stima, hilo neno nalikataa. Vilirukwa.

Ndiyo maana Kathamba na Thima ni kubwa kwangu kuliko bwawa lolote la Tana. Shirika la ITDG, ambalo siku hizi linaitwa Practical Action, lilikuja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, na wanakijiji wakatoa nguvu za mikono. Hakukuwa na bwawa. Kathamba maji yalishuka kwa paipu kama mita 28 hadi kwenye mtambo mdogo. Thima ndiyo inanifurahisha zaidi: walichukua pampu ya maji wakaigeuza kazi. Badala ya stima kuzungusha pampu, maji ndiyo yakaizungusha, stima ikatoka.

Kila nyumba ilipata taa moja au mbili za wati chache, labda na redio. Chai bado ni ya kuni, na Julai ya huku mnaijua, baridi ni ile ya kuvaa sweta mbili. Lakini mtoto anasoma bila moshi wa koroboi, na hakuna kuhesabu shilingi za mafuta ya taa.

Sasa sikizeni hii. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema ukizalisha stima ya kutumia mwenyewe, isiyozidi megawati 1, huhitaji leseni. Ukitaka kumuuzia jirani, lazima uwe nayo. Mwenye kiwanda cha majani chai hapo yuko sawa kabisa. Lakini kamtambo ka kijiji, kenye nyumba 65 kwa waya mmoja, "mwenyewe" ni nani hapo?