Mfangano, mlima uliozungukwa na ziwa

Kilele cha Kwitutu, kisiwani Mfangano, kina kimo cha mita 1,694 hivi juu ya usawa wa bahari. Kijiji cha Zermatt kule Uswisi, kinachojulikana duniani kwa theluji na hoteli zake, kimekaa kwenye mita 1,600 na ushei. Ina maana kwamba watalii wa Zermatt hulala karibu sawa na kilele chetu, ndipo waanze kuinua macho kuutazama mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Zermatt ilikuwa bado kijiji kidogo Julai 1865, Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walipofika kileleni na wanne kati yao wakafa wakishuka. Habari hiyo ya msiba ndiyo iliyokitangaza kijiji. Mfangano haikumpata Whymper wake, na waliopanda mlima wake hawakuwa wakitafuta sifa.

Kisiwa hiki kiko magharibi ya Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay. Kutoka Mbita, boti la mbao la injini huchukua kama saa moja na nusu kufika Sena, makao ya utawala ya kisiwa. Maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo anayetoka ufukweni hadi Kwitutu hupanda zaidi ya mita 500. Ardhi tambarare ni haba. Vijiji vimejibana kwenye ukanda wa pwani, mashamba yamening'inia mteremkoni, na juu zaidi ni mawe na vichaka.

Miamba hiyo ni kazi ya Kisingiri, volkano kubwa iliyotema majivu na lava miaka milioni 20 hivi iliyopita. Majivu yake yalifunika misitu na wanyama wa wakati ule na kuihifadhi mifupa. Ndiyo sababu Mary Leakey aliliokota Rusinga, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, jamii ya nyani wa kale walioishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Mfangano nayo imetoa mabaki ya viumbe wa zama hizo, ila sifa zote zimebaki kwa jirani. Rusinga ina Proconsul, ina kaburi la Tom Mboya aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ina barabara inayoiunganisha na bara. Mfangano lazima upande chombo.

Lakini kuwa mbali ndiko kulikowaleta watu. Masimulizi ya Abasuba, wenyeji wa kisiwa, yanasema kwamba baadhi ya mababu zao walitoka Buganda kwa mitumbwi, wakikimbia kisasi baada ya kuuawa kwa Kabaka Junju mwishoni mwa karne ya 18. Mtu anayekimbizwa na mfalme huchagua mahali anapoweza kuona chombo kikija tangu mbali, na kwa hilo Mfangano haina mshindani. Wageni hao walikuja na lugha ya Kibantu, wakazungukwa na Wajaluo, wakaoana nao, wakauziana nao samaki. Leo Kisuba kinasikika zaidi vinywani mwa wazee. Sokoni na shuleni Kijaluo kimekimeza.

Abasuba hawakuwa wa kwanza. Katika pango la Mawanga na kwenye mwamba wa Kwitone kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: duara ndani ya duara, mizunguko kama ya konokono, mistari inayotoka katikati kama miali ya jua. Hakuna mnyama wala mtu aliyechorwa. Wataalamu huihusisha na Watwa, wawindaji na waokota matunda walioishi huku kabla ya wakulima na wavuvi. Abasuba walipoikuta hawakuifuta. Waliipa kazi: mahali pa michoro pakawa pa matambiko ya kuomba mvua, chini ya ulinzi wa koo zenye eneo. Mtu hakupanda huko ovyo, wala mtoto hakutumwa kuni upande ule. Kwa maoni yangu mwiko huo umefanya kazi kubwa kuliko uzio wowote wa serikali.

Chini ufukweni mambo ni mengine. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, hutoka usiku na taa, nao usiku usio na mbalamwezi ziwa hugeuka mji. Asubuhi kina mama hutandaza omena juu ya nyavu kuukuu, huwageuza jua linapopanda, huchambua takataka kwa vidole. Wingu likitokea nyuma ya Kwitutu, kila mtu hukimbilia nyavu, maana omena aliyelowa bei yake huanguka. Sidhani kama wakaushaji waliulizwa maoni pale wazee walipopanda kuomba mvua.

Utalii nao ulikuja, kwa mlango wa nyuma. Kambi ndogo ya kifahari ilijengwa kwenye ghuba, na wageni wakaletwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara kuja kuvua sangara, samaki ambaye naye ni mgeni, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Walivua, wakapiga picha, wakarudi kwa simba. Wengi hawakupanda mlima. Faida iliyobaki ya kudumu, naona, ni Makumbusho ya Amani ya Abasuba, yaliyoanzishwa na wenyeji wenyewe, yanayotunza vyombo vya kale na kuwaongoza wageni hadi kwenye michoro.

Basi msomaji, ukienda, anzia hapo makumbusho. Lipa kiingilio, chukua kiongozi mwenyeji, vaa viatu vya kushika mawe. Ukifika Kwitone usiguse mwamba wala usiumwagie maji ili picha yako ing'ae: rangi ile ikitoka, hakuna wa kuirudisha.