Gesti Hufuata Stendi

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Agosti 2003, watu wa Mbesa, wilayani Tunduru, walihesabu safari ya Dar es Salaam kwa idadi ya usiku watakaolala njiani. Usiku wa kwanza Tunduru mjini kusubiri gari, wa pili Masasi au Lindi, na masika yakichachamaa, usiku mwingine kandokando ya Mto Rufiji kusubiri pantoni ya Ndundu. Aliyeikwepa njia hiyo alizungukia Songea, akapanda hadi Makambako, akaishika barabara kuu ya Iringa na Morogoro. Kwa njia yoyote ile, alishuka Dar akiwa hoi, begi limejaa vumbi jekundu, na kitu cha kwanza kukitafuta kilikuwa kitanda.

Kitanda chenyewe, kwa asiye na ndugu wala fedha nyingi, kilikuwa gesti. Jengo hilo halijapewa heshima katika historia ya jiji. Hoteli kubwa zinajulikana zilivyozaliwa: Kaiserhof ya Wajerumani ilijengwa mwaka 1906, ikaja kuitwa New Africa, Kilimanjaro ikafunguliwa mwaka 1965, na marais na mabalozi wakapigwa picha mlangoni. Gesti ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, haikupigwa picha na mtu. Lakini mkulima wa korosho, mgonjwa wa rufaa, mwanafunzi aliyeitwa kwenye usaili na mama anayekuja kufungasha mzigo wa duka hawakulala Kilimanjaro.

Kulala njiani kwa watu wa Kusini ni jambo la kale kuliko jiji lenyewe. Wayao, ambao ndio wenyeji wengi wa Tunduru, walikuwa mabingwa wa misafara ya pembe za ndovu, na baadaye ya watumwa, kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Msafara ulilala kwenye kambi za miti na nyasi karibu na maji, na ulipoingia mjini ulipokewa na mwenyeji wake, yaani mfanyabiashara aliyetaka mzigo. Malazi yalikuwa sehemu ya bei. Bagamoyo lipo hadi leo jengo la karavansarai, lenye ua mpana ambamo wapagazi walipumzika na mizigo kupangwa upya.

Waingereza nao walijenga vituo vyao, kwa hesabu zao. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Meja Orde Browne, ambayo iliweka kambi kwenye njia za vibarua ili wapate chakula, pa kulala na matibabu kidogo. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda SILABU, ofisi ya kuwatafuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, na wilaya ya Songea ikawa moja ya visima vyake vikubwa. Kijana wa Kingoni aliyepakiwa kwenye lori kwenda Tanga alilala kambini bila kulipa, kwa kuwa aliyemlaza ndiye aliyemhitaji shambani akiwa mzima. Huwezi kuuita huo ukarimu.

Mjini Dar es Salaam mambo yalikuwa mengine. Mji ulikuwa umegawanywa: Uzunguni, Uhindini, na eneo la Waafrika ambalo kitovu chake kilikuwa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hoteli zilikuwa Uzunguni, na Mwafrika aliingia humo kama boi au mpishi. Akiwa mgeni, alikwenda kwa ndugu. J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa jiji mwaka 1956 na kuuchapisha kama kitabu mwaka 1963, alieleza jinsi mtu mpya alivyomtafuta kwanza jamaa au mtu wa kwao, akalala kwake mpaka apate kazi na chumba. Hata mkubwa alifanya hivyo: Julius Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili akishughulikie chama cha TANU, alipokewa kwanza nyumbani kwa mwanachama mwenzake Abdulwahid Sykes, Kariakoo.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini jembe halikuwapo, ila subira ya mwenye nyumba ilikuwa na kikomo kilekile, na hapo ndipo biashara ilipopenya.

Ilipenya kupitia nyumba ya Kiswahili. Kila aliyeishi Kariakoo, Ilala au Magomeni anaijua ramani yake hata gizani: baraza mbele, mlango mmoja, ukumbi mwembamba unaokata nyumba katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani penye jiko, choo na bafu. Wenye nyumba, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi, walikaa chumba kimoja na kupangisha vingine kwa mwezi. Kuigeuza nyumba ya namna hiyo iwe gesti hakukuhitaji fundi mwashi. Weka kitasa kila mlango, paka namba kwa rangi, tundika chandarua, weka meza ya mapokezi pale ukumbi unapoanzia, ning'iniza kibao nje. Mpangaji wa mwezi akawa mpangaji wa usiku mmoja. Ndiyo maana gesti nyingi za zamani nchini, iwe Kariakoo, Songea au Tunduru, zina umbo lilelile la ukumbi katikati na milango inayotazamana, na ndiyo maana kikohozi cha chumba namba 2 husikika chumba namba 5.

Baada ya uhuru mji ulifurika. Sensa ya 1967 iliwakuta wakazi 356,286 katika Dar es Salaam nzima. Ile ya 1978 iliwakuta 843,090. Barabara ya lami kwenda Zambia ilikamilika katika kipindi hicho, na TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Mabasi ya mikoani yaliishia Kisutu na Mnazi Mmoja, katikati kabisa ya mji, na gesti zikajibanza pale: nyuma ya stendi, juu ya maduka, kwenye vichochoro vya Mtaa wa Libya na vya Kariakoo upande wa pili wa viwanja vya Mnazi Mmoja. Upande wa Kisutu majengo yalikuwa ya ghorofa ya Wahindi, na mengi ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Huko ndiko baadaye zilikojulikana nyumba kama Jambo Inn na Safari Inn, ambazo vijana wa Ulaya wenye mabegi mgongoni walizisoma kwenye vitabu vyao vya safari. Mtu wa Tunduru alizipita akaenda zake Kariakoo, kwa bei ya chini.

Pale mapokezi alikutana na daftari. Kitabu cha wageni cha gesti ya Tanzania ni kitu cha kukitazama kwa makini: karatasi pana iliyopigwa mistari kwa rula, kalamu imefungwa kwa uzi isitembee. Jina kamili. Umri. Kabila. Kazi. Utokako. Uendako. Namba ya chumba. Tarehe ya kuingia na ya kutoka. Saini. Nchi iliyokuwa ikihubiri kwamba ukabila ni adui wa taifa iliendelea kumwuliza mgeni kabila lake kila alipotaka kulala, na safu hiyo ilidumu miaka mingi katika madaftari ya kawaida. Kwenye safu ya kazi, watu waliandika "mkulima" hata kama mara ya mwisho kushika jembe walikuwa shuleni.

Daftari halikuwa la mapambo. Polisi walikuja usiku kulikagua, wakati mwingine wakigonga vyumba kimoja baada ya kingine. Mwaka 1983 hali ikawa ngumu zaidi ilipopitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Mtu asiyeonesha kazi mjini aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini, na mwaka huohuo ilikuwa ikiendelea vita dhidi ya wahujumu uchumi. Ukiwa mgeni wa kweli, uliyeleta mgonjwa Muhimbili, ulitembea na barua ya mwenyekiti wa kijiji mfukoni kama hirizi.

Kisha ikaja ruksa. Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu mwaka 1985, mwaka uliofuata serikali ikafikia makubaliano na IMF, na bidhaa zikarudi madukani. Kariakoo ikageuka ghala la nchi nzima, halafu la majirani: Wazambia, Wamalawi, Wakongo na Wakomoro wakawa wanakuja kufungasha. Mfanyabiashara wa namna hiyo halali mbali na mzigo wake. Nyumba za ukumbi wa kati zikaanza kubomolewa na mahali pake kusimama maghorofa yenye maduka chini, stoo katikati na loji juu. Chumba "selfu", chenye choo na bafu ndani, kikawa ndicho kipimo cha hadhi. Cha choo cha nje kikabaki kwa wenye haraka au wenye mfuko mwepesi.

Lakini gesti ilikuwa pia na wateja wa saa mbili, na hilo lilikuja kuwa suala la uhai. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 vita dhidi ya ugonjwa huo ilifika hadi kwenye meza ya mapokezi. Kondomu za Salama, zilizoingia sokoni mwaka 1993, zikawekwa kwenye droo za vyumba pamoja na sabuni ndogo na kandambili za plastiki. Ukutani yakabandikwa masharti, na mengi yanasomeka hadi leo: malipo kwanza, pesa ikishalipwa hairudishwi, wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja, mwisho wa kukabidhi chumba saa nne asubuhi. Ni maandishi ya ukali mtupu, na mhudumu anayeyasimamia mara nyingi ni binti wa miaka ishirini na kitu anayelala kwenye kochi la mapokezi.

Stendi ilipohamia Ubungo mwaka 1999, gesti zilihama nayo. Hapo sheria moja ya barabarani iliwatajirisha wenye vyumba kuliko tangazo lolote. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha kwa sababu ya ajali na ujambazi, kwa hiyo mabasi ya mbali yaliondoka kwa pamoja alfajiri, saa kumi na mbili. Abiria anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto angefikaje Ubungo saa kumi na moja bila daladala? Alilala jirani na stendi. Manzese, Shekilango na Sinza zikajaa vibao. Sinza na Manzese zilikuwa zimeingia katika mpango wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970, Sinza kwa viwanja vipya na Manzese kwa kuboreshwa; viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya familia vikazaa vyumba vya kukodisha kwa usiku mmoja. Njiani nako ilikuwa vivyo hivyo: basi la Bukoba lilipolazimika kusimama Kahama, Kahama ilivuna.

Abiria wa Kusini walikuwa na ramani yao. Mabasi ya Lindi na Mtwara yalizoea Temeke na Mbagala Rangi Tatu, na huko nako gesti zikachipua. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takribani mita 970, liliiua biashara ya kulala Ndundu. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kuwatesa watu kwa zaidi ya miaka kumi baadaye, na lami ya kuunganisha Songea, Namtumbo, Tunduru na Mangaka ilikuja katika miaka ya 2010. Kila kipande kilichokamilika kilifuta usiku mmoja kwenye hesabu ya msafiri, na mwenye gesti ya pale akapoteza mteja.

Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alizindua kituo kipya cha mabasi Mbezi Luis, kikapewa jina lake. Wenye vyumba Shekilango wakabaki na wateja wa mjini, na Mbezi ikaanza kujenga. Miaka miwili na nusu baadaye, Oktoba 1, 2023, serikali ikaruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo la takribani miaka 30. Abiria wa Songea sasa anaweza kupanda jioni na kulala kwenye kiti.

Wanaoumia kwa mabadiliko hayo ni wenye gesti za njiani, na hao hawajasemewa na mtu ingawa waliilipa halmashauri ushuru wa nyumba za kulala wageni miaka yote. Kariakoo haijatikisika sana. Moto ulioteketeza soko Julai 10, 2021 haukuwafukuza wafanyabiashara, na kuporomoka kwa ghorofa Novemba 16, 2024, kulikoua watu mtaani hapo, kuliacha swali kuhusu uimara wa majengo ambayo ndani yake kuna wageni wamelala. Mamlaka za ujenzi na za zimamoto zinapopita Kariakoo, zianze na maghorofa yenye stoo chini na vitanda juu. Na msafiri anayekuja mjini, kabla hajatoa pesa, aombe kuoneshwa chumba, na akiwa huko juu atazame kama kuna ngazi ya pili ya kutokea.