Bei, Hiari na Ahadi katika Historia ya Programu

Kila chombo kina bei mbili: bei ya kukipata na bei ya kukitegemea. Jembe hununuliwa mara moja, na mkulima akisha kulilipia hana haja ya kumwogopa mhunzi. Programu ya kompyuta haikufuata desturi hiyo. Kuitunga ni kazi ya miezi na miaka, lakini kuinakili ni kazi ya dakika chache, na nakala ya elfu moja haipungukiwi na kitu mbele ya nakala ya kwanza. Kwa sababu ya tabia hii ya ajabu, watu wamebishana kwa zaidi ya nusu karne juu ya swali moja: mtu wa kawaida, mwenye kompyuta moja mezani au simu moja mfukoni, aipateje programu ya kumfaa bila ya kuwa mwizi na bila ya kufilisika? Majibu yaliyotolewa yalikuwa matatu. Wengine walisema bei, wengine walisema hiari, na wengine walisema ahadi.

Hapo mwanzo programu haikuwa na bei ya peke yake. Kompyuta zilikuwa mali ya serikali, vyuo na makampuni makubwa. Kampuni ya IBM ilipotoa mashine ilitoa pamoja nayo programu na msaada wa mafundi, yote katika hesabu moja. Juni 1969 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itaanza kuzitenga hesabu hizo, na programu ikawa bidhaa kama bidhaa nyingine. Hata hivyo mtu wa kawaida hakuguswa na tangazo hilo, maana hakuwa na kompyuta.

Aliipata mwaka 1975. Januari ya mwaka huo gazeti la Popular Electronics lilionyesha mashine ndogo iliyoitwa Altair 8800, ambayo mtu aliweza kuagiza vipande vyake kwa chini ya dola 400 na kuiunga mwenyewe nyumbani. Bill Gates na Paul Allen waliitungia mashine hiyo lugha ya BASIC, iliyouzwa katika utepe wa karatasi wenye matundu. Utepe mmoja ulifika mikononi mwa wapenzi wa kompyuta wa California, ukanakiliwa, na nakala zake zikanakiliwa tena. Februari 1976 Gates aliwaandikia barua ya wazi. Alilalamika kwamba walioinunua BASIC hawakufika hata asilimia 10 ya wenye Altair, na kwamba malipo waliyopata watungaji hayakufika dola 2 kwa kila saa ya kazi. Aliwaambia waziwazi kwamba wengi wao ni wezi.

Lalamiko hilo halikukosa haki, maana fundi naye hula. Lakini jibu lililo bora kuliko hoja lilikwisha anza kutengenezwa. Katika California watu walikuwa wakitunga BASIC ndogo, iliyotosha mashine zenye kumbukumbu haba, na kuichapisha katika magazeti ili kila msomaji ainakili. Tom Pittman aliiuza ya kwake kwa dola 5 tu. Kwa bei hiyo kununua kulikuwa kwepesi kuliko kuiba, na watu walinunua. Li-Chen Wang naye aliweka juu ya programu yake maneno ya mzaha yaliyoigeuza juu chini kanuni ya hakimiliki. Mzaha huo ulitangulia jambo kubwa, ingawa hakuna aliyelijua wakati ule.

Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, na bei zikapanda. Programu ya kuandikia ya WordStar iliuzwa kwa dola 495. Programu ya kutunzia kumbukumbu ya dBASE II kwa dola 695. Mwenye duka dogo, mwalimu, au katibu wa kanisa hakuweza kununua programu mbili za namna hii bila ya kuhisi kwamba amenunua mashine mara ya pili.

Ndipo likaja jibu la hiari. Katika mwaka 1982 Andrew Fluegelman, mhariri na mchapishaji wa Tiburon, California, alihitaji kupelekeana sura za kitabu na mwandishi mwenzake ambaye kompyuta yake ilikuwa ya aina nyingine. Alitunga programu ya kuzipitisha katika waya wa simu, akaiita PC-Talk. Badala ya kuipeleka dukani, aliikumbuka desturi ya vituo vya televisheni vya umma nchini mwake, ambavyo hutazamwa na wote na hulipiwa na wapendao. Alitangaza kwamba ye yote anaruhusiwa kuinakili programu na kumpa rafiki. Na akiona inamfaa, atume dola 25.

Wakati huo huo, upande wa kaskazini karibu na Seattle, mtumishi wa IBM aliyeitwa Jim Knopf alikuwa ametunga programu ya kuchapisha anwani za watu wa kanisa lake. Wenzake waliipenda, wakaigawa, na gharama ya kuwapelekea marekebisho ikamlemea. Basi akaweka ndani ya programu ombi la mchango mdogo. Mtumiaji mmoja aliyezipata programu zote mbili alishangazwa na kufanana kwa maombi hayo. Watungaji wale wawili wakaandikiana, wakapatana kutajana na kutoza kiasi kimoja, na programu ya Knopf ikaitwa PC-File. Mwaka 1983 aliwafuata Bob Wallace, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo wa Microsoft, aliyeiacha kampuni hiyo na kutunga programu ya kuandikia ya PC-Write. Diski yake ilikuwa dola 10, na aliyejiandikisha kwa dola 75 alipata kitabu cha maelezo na msaada wa simu. Tena mtu mwingine akijiandikisha kwa kutumia nakala yake, alirudishiwa dola 25. Msambazaji akawa mshirika wa mtungaji.

Wenye akili za biashara walidhani watu hawa ni wajinga. Barua zenye hundi ziliwakanusha. Knopf alipokea nyingi hata katika mwaka 1984 akaacha kazi ya IBM, na kampuni yake ikaajiri watu na kuingiza mamilioni ya dola. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na maelfu ya watu ambao hakuna askari aliyewalazimisha walilipa kwa sababu waliaminiwa kabla ya kulipa. Hilo ni jambo la kukumbukwa kila inaposemwa kwamba mtu wa kawaida hawezi kufanya haki asipofungiwa mlango.

Lakini hiari ilikuwa na kasoro moja: haki yote ya programu ilibaki kwa mtu mmoja. Fluegelman alilisajili hata neno la Kiingereza alilowaitia watu bure, na wengine hawakuweza kulitumia. Julai 1985 alitoweka, na gari lake likaonekana karibu na daraja la Golden Gate. PC-Talk ikapitwa na nyingine. Wallace aliiuza kampuni yake mwaka 1991. Knopf alistaafu mwaka 1992. Programu zilizokuwa mikononi mwa watu wengi ziliachwa nyuma na mashine mpya. Ukarimu wa mtu mmoja una umri wa mtu mmoja.

Jibu la tatu lilitoka katika chuo cha MIT, na lilizaliwa na hasira juu ya mashine ya kuchapisha. Karibu na mwaka 1980 mashine ya Xerox katika maabara ya chuo hicho ilikuwa ikikwama mara kwa mara. Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwapashe watu habari kila inapokwama. Alimwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa na maandishi ya asili ya programu ile, yaani maneno ya mtungaji kabla ya kugeuzwa kuwa tarakimu za mashine. Mtaalamu yule alikataa, kwa kuwa alikwisha ahidi kutompa mtu. Stallman aliona kwamba kwa ahadi moja ya siri wenzake wote wamesalitiwa, hata wale wasiojulikana kwa jina. Basi akaamua kupambana na ahadi kwa ahadi.

Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Bei haikuwa kiini cha jambo: programu yake ya Emacs aliiuza katika utepe kwa dola 150, ila mnunuzi alipewa haki ya kuigawa kwa wote. Kiini kilikuwa hati ya leseni, iliyotolewa mwaka 1989 ikiwa ni moja kwa programu zote za mradi. Hati hiyo ilimruhusu kila mtu kufanya atakavyo, kwa sharti kwamba akiigawa programu, awe ameirekebisha au la, awape wengine haki zile zile alizopewa yeye. Mzaha wa mwaka 1976 ukawa sheria. Linus Torvalds wa Helsinki, aliyetunga kiini cha mfumo wa Linux mwaka 1991, aliichukua hati hiyo mwaka 1992.

Nguvu ya ahadi ilipimwa katika programu za ofisi. Marco Börries wa Ujerumani alianzisha mwaka 1985 kampuni iliyokuja kutoa StarOffice, mkusanyiko wa programu za kuandikia, kupiga hesabu na kuchorea. Kampuni ya Sun iliinunua mwaka 1999, na katika mwaka 2000 ikayafungua maandishi yake ya asili kwa jina la OpenOffice, chini ya leseni ya jamaa ya ile ya GNU. Tunda moja lilionekana Afrika Mashariki. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliifasiri programu hiyo na kutoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, yenye maagizo ya Kiswahili. Wafasiri hawakungoja kampuni ya ng'ambo ipige hesabu kama wasemaji wa Kiswahili wana fedha za kutosha kustahili kuhudumiwa. Leseni ilikwisha wapa ruhusa.

Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na watungaji wakaingiwa na wasiwasi juu ya nia ya bwana mpya. Septemba ya mwaka huo wengi wao waliondoka na nakala ya kazi yao, wakaipa jina la LibreOffice. Hawakuiba, wala hawakuomba. Jina la zamani lilibaki kwa mwenye kulinunua, lakini kazi iliwafuata waliokuwa wakiifanya. Hadi leo mwanafunzi anaipata programu hiyo bila malipo, na ni halali yake.

Zama za simu zimelirudia somo hilo kwa njia nyingine. Julai 2008 kampuni ya Apple ilifungua duka la programu za simu, zikiwa karibu 500, na katika mwaka huo huo ilitoka simu ya kwanza ya Android, ambayo kiini chake ni Linux. Bei zilishuka hata senti 99. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilifuata njia iliyofanana na ya Knopf: mwaka wa kwanza bure, kisha karibu dola moja kwa mwaka. Waanzilishi wake walieleza hadharani, mwaka 2012, kwa nini hawauzi matangazo. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Mwaka 2016 ada ile ndogo ikafutwa. Watu wengi walifurahi. Juni 2025 ilitangazwa kwamba matangazo ya biashara yataonekana katika sehemu mojawapo ya programu hiyo, ingawa si ndani ya mazungumzo ya faragha. Neno la waanzilishi lilikuwa la kweli lilipotamkwa, ila halikuandikwa mahali ambapo mnunuzi angelazimika kulitii. Mwanzilishi mmoja, Brian Acton, aliondoka, na mwaka 2018 alitoa dola milioni 50 kusaidia kuunda wakfu wa Signal, programu ya ujumbe ambayo maandishi yake yamo chini ya leseni huru.

Walakini ahadi nayo haijitoshelezi. Aprili 2014 iligunduliwa dosari kubwa katika OpenSSL, programu huru iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya mtandao wa dunia. Ilidhihirika kwamba ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, na michango iliyoletwa kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000. Makampuni tajiri yalikuwa yameitegemea pasipo kuuliza nani anailisha. Leseni huilinda programu isifungwe, lakini haimlipi mwangalizi wake. Kwa hilo moyo wa kutoa wa mwaka 1982 bado wahitajika.

Basi katika majibu matatu hakuna lililoshinda peke yake. Bei ilimlisha fundi ikamwacha nje asiye nacho. Hiari ilimwingiza asiye nacho ikafa pamoja na mwenye kuitoa. Ahadi imeyashinda mauti hayo, ikisubiri kulishwa na hiari. Mtu wa kawaida anayeletewa programu ya bure anayo haki ya kuuliza sio tu bei yake leo, bali nani ameahidi nini juu ya kesho yake, na kama ahadi hiyo imeandikwa. Ahadi ni deni. Lakini deni lisiloandikwa huweza kusahauliwa na mnunuzi wa deni.