Haki ya padri, haki ya mwasi: ugomvi wa Kivu tangu Baraka 1964

Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza misa mjini Uvira ya kuwatangaza wenye heri mapadri watatu na bruda mmoja waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964. Watatu walikuwa Waitaliano wa shirika la Waxaveri: Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin. Wa nne, Abbé Albert Joubert, alikuwa mtoto wa nchi. Ilikuwa siku kubwa kwa Kivu ya Kusini nzima, na sisi wa Bukavu, mji ambako Waxaveri wamefanya kazi miaka mingi, tulikuwa na haki ya kufurahi.

Kuna jambo moja ambalo halizungumzwi sana katika sherehe za namna hii. Watu waliowapiga risasi mapadri wale nao walisema wanaitafuta haki. Tusipolitazama jambo hilo, mwaka 1964 utabaki hadithi ya watakatifu na mashetani, na vijana wetu hawatajua kwa nini mkulima wa Fizi alishika mkuki akiimba mapinduzi.

Ukoloni wa Ubelgiji ulisimama juu ya miguu mitatu: serikali, makampuni na misioni. Hapa Kivu, Comité National du Kivu iligawa ardhi kwa walowezi wa kahawa, chai na kwinini, na mwenyeji akawa kibarua kwenye udongo wa babu zake. Wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe walijenga shule na zahanati, wakafundisha maelfu kusoma. Juu ya ardhi ile walisema machache mno. Huko Roma, Papa Pius XI alikuwa ameulaani ukomunisti mwaka 1937 katika waraka wake Divini Redemptoris. Hata hivyo wanamapinduzi wenyewe walitoka katika shule za misioni: Pierre Mulele alipita seminari ndogo ya Kinzambi kabla ya kwenda China kujifunza vita vya msituni. Uhuru wa 1960 ulipobadilisha wakubwa na kumwacha mkulima palepale, wito wa uhuru wa pili ulipata masikio.

Uvira ilianguka Mei 1964 mikononi mwa waasi wa Simba, waliouitikia wito huo. Agosti wakafika Bukavu penyewe, na Kanali Léonard Mulamba akawarudisha nyuma. Sifa aliyoipata hapa ilimsaidia kuwa waziri mkuu mwaka uliofuata. Mpiganaji wa kawaida wa Simba hakuwa amemsoma Marx. Alikuwa amenyunyiziwa maji ya dawa, na aliingia vitani akipaza sauti “Mai Mulele!” akiamini kwamba risasi zitageuka maji. Walioshika lugha ya ubeberu na unyonyaji ni viongozi wa juu kama Gaston Soumialot.

Turudi Baraka. Tarehe 7 Oktoba jeshi la serikali pamoja na mamluki walikuwa wameikomboa Uvira na kumtoa Askofu Danilo Catarzi na wamisionari waliokuwa mateka pamoja naye. Fizi na Baraka zilibaki chini ya waasi. Halafu, tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, Kisangani ya leo, kutoka ndege za Marekani. Kuanzia saa hiyo, mzungu yeyote katika eneo la waasi alitazamwa kama mtu wa adui.

Siku nne baadaye, Jumamosi tarehe 28, mchana, gari la kijeshi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Kumbukumbu za Waxaveri zinamtaja aliyeshuka kuwa kamanda Abedi Masanga. Bruda Vittorio aliamriwa apande gari. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Carrara alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Aliposikia mlio alitoka akiwa bado na mavazi ya ibada, naye akaambiwa apande. Inasimuliwa kwamba alijibu kuwa wakitaka kumuua, afadhali afe pamoja na ndugu yake, kisha akapiga magoti kando ya maiti. Wakamuua hapohapo. Gari likashika njia ya Fizi. Usiku ulipoingia, Padri Didonè alifungua mlango wa misioni ya Fizi, akaanguka kwa risasi, na Abbé Joubert akafuata.

Joubert alizaliwa Mrumbi, upande wa Moba, mwaka 1908. Mama yake alikuwa Mwafrika. Baba yake, Kapteni Joubert, alikuwa Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, kisha akaja kupigana na wawindaji wa watumwa kandokando ya Tanganyika. Mtoto wa mtu aliyewapigania watu wa ziwa wasiuzwe aliuawa na watu waliosema wanawakomboa watu wa ziwa.

Hapa ndipo ugomvi ulipo. Kanisa linasema waliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Bila hukumu hiyo Roma isingewatangaza mashahidi. Wengine wanajibu kwamba ilikuwa hasira ya vita, ya watu waliopigwa kutoka angani na mamluki wa kizungu. Mimi naona hasira ya Kisangani inaeleza kwa nini gari lilikuja siku ile. Haielezi kwa nini mapinduzi ya wakulima yaliwahesabu maadui watu waliokuwa wakiwatibu na kuwafundisha wakulima haohao. Wala haielezi Isiro, ambako siku tatu baadaye aliuawa Sista Anuarite, msichana wa Kongo asiye na tone la damu ya Ulaya. Lakini Kanisa nalo lisiifanye damu hiyo pazia la kufunika swali la ardhi, kwa maana swali hilo lilikuwa la kweli.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Che Guevara aliingia milima ya Fizi Aprili 1965, akaondoka Novemba akiwa ameshindwa. Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP tarehe 24 Desemba 1967, mkesha wa Noeli, na kama anavyoonyesha Wilungula Cosma katika kitabu chake juu ya maquis, yaani vita vya msituni, ya Fizi, chama hicho kilidumu huko hadi miaka ya 1980. Mwaka uleule wa 1967, ng’ambo ya ziwa, Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alitangaza Azimio la Arusha. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposimama na maskini litahesabiwa pamoja na wanaowaonea. Kwetu hakutokea mwanasiasa wa kuziunganisha sauti hizo mbili, ya Kanisa na ya mapinduzi.

Alitokea padri. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti wa hapa Kivu, alikuwa amesoma elimu ya jamii Leuven. Mwaka 1971 Mobutu alipowalazimisha wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa kuingia jeshini, yeye, padri wao, aliomba aandikishwe pamoja nao. Akiwa askofu mkuu wa Bukavu aliwakemea wanajeshi wa Mobutu waliopora raia, akawatetea wakimbizi wa Rwanda, akailaani vita iliyokuwa inakuja. Tarehe 29 Oktoba 1996, majeshi yaliyomleta Kabila madarakani yalipoingia mjini, aliuawa Nyawera. Alishuka garini akiwa na msalaba mkononi. Mwili wake ulilala barabarani zaidi ya siku nzima hadi wanaseminari wa Kixaveri walipouchukua.

Kwa hiyo Kabila, mwanamapinduzi wa Fizi, alipita Bukavu akielekea Kinshasa, na mtu aliyedai haki bila bunduki alibaki amelala juu ya lami ya Nyawera. Naamini Munzihirwa ndiye aliyelijibu swali la 1964 vizuri kuliko wote, kwa sababu aliitaka haki ileile bila kumwagia damu mtu. Askofu Mkuu Kataliko aliyemfuata alifukuzwa na waasi wa RCD mwaka 2000, akafa mwaka huohuo. Kutoka hapo ni vita juu ya vita, hadi waasi wa M23 kuingia Bukavu Februari 2025, na Marx hatajwi tena na yeyote mwenye bunduki.

Aliyekuwa kijana wa miaka 20 Baraka mwaka 1964 sasa amepita 80. Wako makatekista waliozika, na wako wazee waliokuwa Simba. Archidiosezi, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na chuo cha ualimu cha ISP wawatume wanafunzi wenye vinasa sauti Fizi mara njia itakapofunguka, wawasikilize wote wawili, aliyeshika rozari na aliyeshika mkuki, kabla hawajazikwa.