Nanotyubu za kaboni: kwa nini nyingine hupitisha umeme na nyingine huuzuia?

Kaboni unaifahamu, msikilizaji. Ndiyo mkaa wa jikoni, masizi ya chungu na weusi wa penseli. Mwaka 1991 Sumio Iijima, mwanasayansi wa kampuni ya NEC nchini Japani, alieleza jinsi kaboni inavyoweza pia kuwa mirija midogo mno. Mirija hiyo huitwa nanotyubu. Ile ya tabaka moja ina upana wa takriban nanomita 1. Makumi ya maelfu ikipangwa ubavu kwa ubavu ndipo hufikia unene wa unywele mmoja.

Umeme

Chukua mkeka wenye matundu kama sega la nyuki. Unaweza kuukunja ukiwa umenyooka, au kuukunja mshazari. Atomi za kaboni hujikunja hivyo hivyo, na jinsi mrija ulivyokunjika pamoja na upana wake ndiyo huamua tabia yake. Kwa kawaida mrija 1 kati ya 3 hupitisha umeme kama waya wa shaba. Mingine 2 hufanana na silikoni: umeme unaweza kuruhusiwa au kuzuiwa, kama swichi. Swichi hiyo ndogo ndiyo transista.

Tatizo ni kwamba aina hizo huzaliwa zimechanganyika. Mrija wa aina ya waya ukiingia penye swichi, swichi haizimiki. Ndiyo maana safari ni ndefu: mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitengeneza kompyuta ya transista 178 za nanotyubu. Mwaka 2019 chuo cha MIT kilivuka 14,000. Chipu ya simu janja ina mabilioni.

Sumaku

Nanotyubu safi hainaswi na sumaku kama msumari. Unga wake ukinaswa, mara nyingi ni kwa sababu ya mabaki ya chuma, nikeli au kobalti yaliyotumika kuitengeneza. Hata hivyo, nguvu kubwa mno ya sumaku, si ile ya spika ya redio, ikielekezwa sambamba na mrija hubadilisha mwenendo wa elektroni, na upitishaji wa umeme hubadilika.

Inatumika wapi leo?

Baadhi ya betri za lithiamu huchanganywa nanotyubu. Humo kazi yake ni kupitisha umeme tu, hivyo mchanganyiko wa aina si kikwazo kama kwenye chipu.