Fahamu Udhaifu wa Waifai ya Nyumbani na Namna ya Kuipima Bila Kuvunja Sheria

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Katika Kata ya Magindu, Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha mkoani Pwani, kama ilivyo katika maeneo mengi ya vijijini nchini, kaya inayotumia intaneti aghalabu huipata kwa simu janja au kwa ruta ndogo yenye laini ya simu. Mawimbi ya ruta hiyo hayaishii kwenye ukuta wa nyumba, bali hufika uani, barabarani na kwa jirani. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa mtandao wa nyumbani ni wajibu wa mwenye nyumba mwenyewe.

Viwango vya ulinzi

Waifai hulindwa kwa kuyageuza mawasiliano kuwa fumbo linalofumbuliwa na vifaa vyenye nywila sahihi pekee. Kiwango cha kwanza, WEP, kilianza mwaka 1997, lakini mwaka 2001 watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir walibainisha kasoro inayowezesha ufunguo wake kupatikana. Kilifuatiwa na WPA mwaka 2003 na WPA2 mwaka 2004. Mwaka 2017, mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji alitangaza udhaifu wa WPA2 uitwao KRACK, ambao huzibwa kwa kusasisha programu za vifaa. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018. Ruta inayotumia WEP haifai tena kutegemewa.

Udhaifu mwingine upo kwenye WPS, huduma ya kuunganisha kifaa kwa namba ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilibainika kuwa ruta huihakiki namba hiyo kwa vipande viwili na kwamba tarakimu ya mwisho hutokana na zile zilizotangulia. Hivyo, badala ya majaribio milioni 100, yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata.

Nywila ya namba ya simu

Baadhi ya wananchi hutumia namba ya simu kama nywila kwa kuwa ni rahisi kuikumbuka. Namba za simu za mkononi nchini huanza na 06 au 07, hivyo zinazobaki kukisiwa ni tarakimu 8, yaani namba zisizozidi milioni 200. Katika WPA2, mdukuzi akishanasa salamu ambazo simu na ruta hupeana wakati wa kuunganishwa, anaweza kwenda kukisia nywila akiwa mbali. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu nywila laki kadhaa kwa sekunde, hivyo namba ya simu haiwezi kuhimili hata saa moja. Maneno manne au matano yasiyohusiana ni salama zaidi na hukumbukwa kwa urahisi.

Madhara yake

Namba ya siri ya huduma za fedha inayoingizwa kwa menyu ya nyota haipiti kwenye waifai, na programu nyingi za benki husimba mawasiliano yake zenyewe. Hata hivyo, aliyeingia kwenye ruta anaweza kubadili mipangilio yake ili kukupeleka kwenye kurasa bandia. Aidha, kosa likitendeka kupitia mtandao wako, ufuatiliaji utaanzia kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole.

Zana za kupima na mipaka ya sheria

Wataalamu hutumia programu kama Nmap kuorodhesha vifaa vilivyounganishwa, Wireshark kuchunguza mawasiliano na Aircrack-ng kupima uimara wa nywila. Zana hizo hutumika kihalali kwenye mtandao wako au kwa idhini ya mwenye mtandao.

Kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya thamani ya manufaa yaliyopatikana, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote kwa pamoja. Kunasa mawasiliano ya mwingine isivyo halali nako ni kosa chini ya Sheria hiyo.

Hatua za kuchukua

1. Badilisha nywila ya waifai pamoja na ile ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo mara nyingi huachwa kama ilivyotoka kiwandani.
2. Chagua WPA3 au, isipokuwepo, WPA2. Kisha zima WPS.
3. Sasisha programu ya ruta na simu mara kwa mara.
4. Kagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na usipokitambua kimojawapo, badilisha nywila mara moja.
5. Wageni na wateja wa dukani watengewe mtandao wa wageni, endapo ruta ina huduma hiyo.

Mwananchi anayepokea ujumbe wa kitapeli kwenye simu anashauriwa kuutuma kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Anayeshuku kuwa mtandao wake umeingiliwa atoe taarifa kituo cha Polisi kilicho karibu naye, akiwa ameandika tarehe, muda na majina ya vifaa asivyovitambua.