Pompeii: 'Mama' mwenye bangili ya dhahabu kumbe alikuwa mwanamume

Kwa miaka mingi, watalii waliotembelea magofu ya Pompeii, kusini mwa Italia, walisimuliwa habari za mama aliyekufa akiwa amembeba mwanawe wakati volkano ya Vesuvius ilipolipuka. Mkononi alikuwa na bangili nzito ya dhahabu. Karibu yao walikutwa mtu mzima mwingine na mtoto wa pili, basi ikasemwa hao ni baba, mama na watoto wao.

Vipimo vya DNA vilivyotangazwa Novemba 2024 vimeivuruga hadithi hiyo. "Mama" ni mwanamume, na kati ya hao wanne hakuna mwenye undugu wa damu na mwenzake.

DNA hiyo imetoka wapi, wakati wanachokiona watalii ni plasta?

Vesuvius ililipuka mwaka 79 Baada ya Kristo, na Pompeii uko kama kilomita 10 tu kutoka mlimani. Kwanza vijiwe vyepesi vilinyesha kwa saa nyingi hadi mapaa yakaanguka. Wengi walikimbia. Waliobaki walikutwa na wimbi la gesi na majivu ya moto, kitu ambacho hata mwenye mbio hakiponi. Majivu yakawafunika na kuwa magumu. Mwili ukaoza, ikabaki nafasi tupu yenye umbo la mtu, na mifupa ndani yake.

Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyesimamia uchimbaji, alianza kumimina plasta laini kwenye nafasi hizo. Ikishakauka, majivu yanaondolewa. Yakatokea maumbo ya watu jinsi walivyokata roho: huyu kajikunja, yule kafunika uso kwa mikono. Yapo zaidi ya 100. Yaani hizo si sanamu za kuchonga, ni makaburi ya plasta yenye mifupa halisi, na humo ndimo wataalamu walimopata DNA.

Shida ni kwamba umbo halisemi lilikuwa nani. Waliomkuta mtu mwenye bangili na mtoto waliona mama, kwa kuwa kwao dhahabu na malezi ni mambo ya mwanamke. Katika nyumba nyingine, wawili waliokufa wamekumbatiana waliitwa dada wawili, au mama na binti. Angalau mmoja wao ni wa kiume.

Mwenye bangili huenda alikuwa mtumwa wa nyumba ile, jirani, au mtu aliyemnyakua mtoto wa mwenzake katika kukimbia. Hilo DNA haiwezi kulijibu. Imeonyesha lakini kwamba asili ya waliopimwa ni zaidi mashariki mwa Mediterania, jambo lisilo la ajabu kwa mji wa bandari katika dola iliyojaa wafanyabiashara, mabaharia na watumwa.

Karibu theluthi moja ya Pompeii bado haijachimbwa.